Kompyuta imefunza watoto kusoma kwa miaka 60. Mbona wetu bado wanakwama?

Kila familia ninayoijua Nairobi iko na huyo mtoto. Yuko gredi ya tatu, pengine ya nne. Ni mwerevu kabisa: anajua bei ya kila kitu kwa duka la chini, anakumbuka nambari ya simu ya mamake kwa kichwa, na ukimwachia simu yako dakika mbili utaipata imebadilishwa lugha ikawa Kichina. Lakini mpe kitabu cha hadithi uone. Mstari wa kwanza amekwama. Anaangalia picha, anakisia, anabuni hadithi yake. Wageni wakija kuna mjomba atasema, tena mtoto akisikia, "Huyu kichwa yake ni ngumu." Halafu kuna dada mkubwa au binamu, na huenda ni wewe, atatoa suluhisho: "Si mumnunulie tableti? Siku hizi kuna apu zinafunza watoto kusoma."

Leo tuongee juu ya hiyo apu. Mimi si mwalimu, na chuo niliacha mwaka wa pili, kwa hivyo usinisome kama mhadhiri. Lakini historia ya kompyuta na watoto wanaokwama kusoma nimeifuatilia kwa miezi kadhaa, na kuna kitu ndani yake ambacho muuza tableti hatakwambia. Hii kitu haikuanza jana. Imejaribiwa kwa karibu miaka 60, kutoka California hadi Finland, Lusaka, Kisumu na Tanga. Ukipanga hayo majaribio kwa mstari, unaona jambo moja likijirudia. Mashine humsaidia mtoto aliyekwama ikiwa inaongea lugha anayoijua na kuna mtu mzima amekaa karibu. Ikinunuliwa ili huyo mtu mzima aondoke, mara nyingi pesa inaenda na mtoto anabaki palepale.

Sauti kwanza

Tuanze na msingi. Kuongea, mtoto anajifunza kwa kusikia tu. Kusoma ni tofauti. Herufi ni uvumbuzi wa watu, na lazima mtu akuonyeshe kwamba alama hii inasimamia sauti hii. Kumfunza mtoto hivyo, sauti na herufi yake, halafu sauti zikiunganishwa hadi neno litokee, ndiyo huitwa foniki. Sisi tuliosoma Kiswahili shuleni tunaijua hata kama hatukuambiwa jina: a e i o u, ba be bi bo bu, silabi zimejaa ubao na darasa zima linaimba kama kwaya.

Kiswahili kina bahati hapa. Herufi a inasomwa vilevile katika "baba", "paka" na "Kakamega". Kiingereza nacho ni mtihani. Hebu tamka though, halafu through, halafu cough, uone zile herufi nne za mwisho zinavyokuhangaisha. Kuna utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2003 ulioangalia watoto wa nchi kadhaa za Ulaya walipokuwa wanamaliza mwaka wa kwanza wa kusoma. Watoto wa Finland, ambao lugha yao inaandikwa jinsi inavyotamkwa, walisoma sawasawa asilimia 98 ya maneno ya kawaida waliyopewa. Watoto wa Scotland, wanaoanza na Kiingereza, walipata asilimia 34. Hao wa Scotland hawakuwa na kichwa ngumu. Maandishi waliyopewa ndiyo yana kona nyingi.

Shika hiyo akilini, kwa sababu programu nyingi za foniki zilizaliwa ili kutatua shida ya Kiingereza.

California, 1966

Mojawapo ya majaribio ya kwanza kabisa lilifanyika katika Shule ya Msingi ya Brentwood, East Palo Alto, jimbo la California. Maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Patrick Suppes na Richard Atkinson, waliingiza ndani ya shule mtambo wa IBM 1500. Suppes alishika hesabu, Atkinson akashika kusoma. Wanafunzi walikuwa wa darasa la kwanza.

Jaribu kupiga picha. Ni 1966. Kenya ina uhuru wa miaka mitatu. Kompyuta ni mashine za serikali, benki na vyuo. Na huko California kuna mtoto wa miaka sita ameketi mbele ya skrini, amevaa spika za masikio, ameshika kalamu ya mwanga ya kugusia skrini. Sauti iliyorekodiwa kwenye tepu inamwambia aguse neno fulani. Akigusa sawa anasonga mbele. Akikosa, mashine inamrudisha kwa zoezi linalolingana na kosa lake. Kila mtoto anaenda kwa mwendo wake, na hakuna wa kumcheka.

Sehemu moja ya masomo ilipangwa kama jedwali: upande mmoja sauti za mwanzo, upande mwingine sauti za mwisho, mtoto anaunganisha na kupata maneno kama rat, fat, ran, fan. Ukiangalia vizuri, huyo ni binamu wa ba be bi bo bu.

Kupima nako walipima vizuri. Watoto waliofunzwa kusoma na kompyuta walilinganishwa na wenzao waliotumia kompyuta hiyohiyo kwa hesabu. Mwisho wa mwaka, kundi la kusoma lilipita lile lingine kwenye mitihani ya kusoma. Kwa hivyo mtu asikwambie mashine ni bure. Ilisaidia tangu mwanzo.

Lakini kuna mambo mawili watu huruka wakisimulia hii hadithi. La kwanza, mtoto alikaa hapo dakika 20 hivi kwa siku. Saa zingine zote alikuwa darasani na mwalimu wake. La pili ndilo lilinifanya nisimame: mtambo wenyewe ulijua mahali uwezo wake unaishia. Mtoto akikwama sana, ulituma ujumbe kwa mwalimu aliyekuwa akisimamia chumba, ili aje amwone. Wale jamaa walikuwa na mashine ya ajabu kuliko zote za shule za wakati huo, na bado ndani ya programu yao waliandika amri ya kumwita mtu.

Bei inashuka, ahadi zinapanda

Shida ya Brentwood ilikuwa gharama. Shule ya kawaida haingeweza kununua mtambo kama ule, na sauti ilitegemea tepu. Mwaka wa 1978 kampuni ya Texas Instruments ikatoa kitu cha kuchezea kinachoitwa Speak & Spell: kidude cha plastiki chenye kitufe kwa kila herufi, na ndani yake chipu ndogo iliyotengeneza sauti ya mtu bila tepu yoyote. Kinakutajia neno, unaliandika herufi kwa herufi, kinakwambia kama umepata. Kilifunza tahajia zaidi ya kusoma, lakini kilithibitisha kwamba mashine inayoongea inaweza kukaa mikononi mwa mtoto, nyumbani.

Miaka ya 1980 IBM wakarudi na Writing to Read, mpango uliobuniwa na mwalimu mkongwe John Henry Martin. Aligawa Kiingereza katika sauti 42. Watoto wa chekechea na darasa la kwanza walijifunza sauti kwenye kompyuta, kisha wakaandika hadithi zao jinsi wanavyosikia maneno, hata kama tahajia ni ya kienyeji. Wazo zuri, na shule nyingi za Marekani zilitenga vyumba vizima kwa ajili yake. Lakini mwaka wa 1990 mtafiti Robert Slavin alikusanya tathmini zilizokuwepo, akapata kwamba chekechea walifaidika kidogo, na darasa la kwanza tofauti ya kusoma ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na pesa iliyotumika.

Miaka hiyohiyo ya 1990, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, Jack Mostow aligeuza mambo. Badala ya mashine kuongea na mtoto kusikiliza, alitengeneza programu ambayo mtoto anaisomea kwa sauti nayo inasikiliza, na akikwama inamsaidia neno. Mkumbuke huyu Mostow. Atatokea Tanga.

Kufikia miaka ya 2000, programu za kusoma zilikuwa biashara kubwa Marekani, na wabunge wakaagiza zipimwe sawasawa. Matokeo ya mwaka wa kwanza yalitoka 2007. Shule 132, walimu 439, programu zilizochaguliwa kwa sababu zilionekana kuwa na dalili nzuri. Walimu wengine walipewa programu kwa kura, wengine wakaendelea kama kawaida. Upande wa kusoma, darasa la kwanza na la nne, hakukuonekana tofauti ya maana kati ya waliotumia na wasiotumia.

Hapo mtu anaweza kufunga kitabu aseme teknolojia ni uongo. Ngoja kidogo, kwa sababu Wafini walikuwa na stori tofauti.

Mchezo kutoka Jyväskylä

Kule Chuo Kikuu cha Jyväskylä, mwanasaikolojia Heikki Lyytinen na wenzake walifanya kitu kinachohitaji uvumilivu wa ajabu. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 1990 walifuatilia watoto karibu 200 tangu kuzaliwa. Karibu nusu yao walitoka katika familia zenye disleksia, yaani ule ugumu wa kusoma ambao mara nyingi unarithiwa na hauna uhusiano na akili ya mtu. Waliona kwamba dalili zinaanza mapema sana, kabla mtoto hajaona kitabu, katika jinsi ubongo wake unavyotofautisha sauti za lugha.

Na kuna kitu kingine hapo ambacho sisi tunaosoma Kiswahili tunakihitaji. Katika lugha zinazoandikwa jinsi zinavyotamkwa, mtoto mwenye disleksia mara nyingi hakosei sana. Anasoma sawa, lakini polepole mno, kama mtu anayetembea kwenye matope. Kwa Kiswahili ni rahisi kumpita mtoto kama huyo. Mwalimu ana watoto 60 darasani, anamsikia akisema "m-to-to a-na-che-za", anaandika kwamba anasoma. Kumbe hadi afike mwisho wa sentensi amesahau ilianza vipi.

Kutokana na utafiti huo ukazaliwa mchezo wa kompyuta, kule kwao unaitwa Ekapeli na nje unajulikana kama GraphoGame. Ni rahisi kuueleza. Mtoto anasikia sauti, herufi kadhaa zinaonekana kwenye skrini, anagusa iliyo sahihi. Kisha silabi, kisha maneno. Mchezo unajirekebisha ili apate zaidi ya anavyokosa, asikate tamaa, na unarudia yale yanayomchanganya mara mia bila kuchoka. Mwalimu mwenye watoto 60 hana uwezo huo. Hata mimi sina, na wewe pia huna.

Ulifanya kazi? Kuna utafiti wa Finland uliochapishwa 2011 uliohusu watoto wa darasa la kwanza waliokuwa hatarini kubaki nyuma. Wote walipata masomo ya ziada katika vikundi vidogo, na wengine sehemu ya kipindi chao ilikuwa ni mchezo huo. Wale wa mchezo walifanya vizuri zaidi, na baada ya muda wakawafikia wenzao wa kawaida. Lakini soma tena: vikundi vidogo, masomo ya ziada, mwalimu yuko hapo. Mchezo uliingia ndani ya kazi ya mwalimu.

Halafu mchezo ukasafiri, na hapo ndipo mambo yakawa wazi. Kule Lusaka, watafiti waliupeleka kwa watoto zaidi ya 500 wa darasa la kwanza, ukiwa katika Kinyanja, lugha waliyokuwa wakifunzwa kusoma. Kuna mahali watoto peke yao walicheza, kuna mahali walimu peke yao walicheza, na kuna mahali wote wawili. Waliofaidika zaidi ni wale ambao wao na mwalimu wao wote waliucheza. Nilifurahi sana kuona hiyo, kwa sababu ukiwaza, mwalimu aliyeucheza anajua mtoto anakwama wapi, na anaanza kufunza sauti kwa usahihi hata simu ikizimwa.

Mwaka wa 2020 kundi jingine la watafiti likakusanya tafiti 28 za GraphoGame kutoka nchi mbalimbali. Kwa wastani, kwenye kusoma maneno, faida ilikuwa karibu sifuri. Sifuri, wasee. Lakini walipotenganisha tafiti ambazo mtu mzima alishiriki kikamilifu na zile ambazo mtoto aliachiwa mashine, zile za kwanza zilionyesha faida ya kweli. Mchezo ni uleule, sauti ni zilezile. Kilichobadilika ni kama kuna mtu alikuwa hapo.

Kisumu, na ile ahadi ya laptop

Sasa turudi nyumbani. Unakumbuka kampeni ya 2013? Kila mtoto wa darasa la kwanza angepata laptop. Ahadi ilibadilikabadilika njiani, na kuanzia 2016 vifaa vikaanza kufika shuleni: tableti za wanafunzi, laptop za walimu, projekta. Zaidi ya milioni 1 ziligawiwa. Ukipita shule nyingi leo ukauliza ziko wapi, utaonyeshwa kabati lenye kufuli.

Kinachoniuma ni kwamba jibu tulikuwa nalo hapa hapa. Wakati siasa ya laptop ikipamba moto, kulikuwa na mradi wa kusoma wa PRIMR, chini ya Wizara ya Elimu na wafadhili, uliofanya jaribio katika Kaunti ya Kisumu. Shule zote katika jaribio zilipata vitabu vizuri na mafunzo ya walimu yaliyotilia mkazo sauti za herufi. Juu ya hayo, kundi moja la shule lilipata tableti kwa wale maafisa wanaotembelea walimu madarasani. Kundi la pili, tableti zilienda kwa walimu. La tatu, wanafunzi wenyewe walipewa vifaa vya kusomea vitabu vya kidijitali.

Makundi yote matatu yalizipita shule za kawaida. Lakini kuwapa watoto vifaa mkononi hakukuleta matokeo bora kuliko kumpa afisa anayemsaidia mwalimu, na kulikuwa na gharama kubwa zaidi. Pesa ileile ingefika mbali zaidi ukianza na mtu anayemfunza mtoto.

Serikali ilisikia nusu ya hilo somo. Mpango wa Tusome, ulioanza 2015 na kufika shule zaidi ya 20,000, uliweka kitabu mkononi mwa kila mtoto na tableti mkononi mwa afisa wa mtaala. Huyo afisa anaketi nyuma ya darasa, anaangalia kipindi, anasikiliza watoto wachache wakisoma, kisha anaongea na mwalimu. Ndiyo teknolojia isiyopendeza kabisa kwenye bango la kampeni. Hakuna mtoto anayepigwa picha akitabasamu na skrini. Nusu nyingine ya somo, ile ya tableti za watoto, ilienda kabatini.

Na hitaji lilikuwepo. Ripoti za Uwezo za miaka ya 2010 zilirudia jambo moja: kati ya watoto 10 wa darasa la tatu, ni kama 3 tu walioweza kufanya kazi ya darasa la pili.

Tanga

Najua kuna mtu anasema: sawa, lakini mahali ambapo hakuna mwalimu kabisa je? Swali zuri. Lilijaribiwa, tena kwa Kiswahili.

Mwaka wa 2014 lilitangazwa shindano la Global Learning XPRIZE, zawadi dola milioni 15, pesa za Elon Musk. Kazi: tengeneza programu ambayo mtoto ataitumia kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Tima tano zilifika fainali, na uwanja wa fainali ukawa Mkoa wa Tanga, Tanzania. Watoto kama 2,700 katika vijiji karibu 170, kwa miezi 15. Tableti zilichajiwa kwa umeme wa jua. Kati ya zile timu tano alikuwemo Mostow wa Pittsburgh, na programu yake ikiitwa RoboTutor.

Wengi wa watoto hao, asilimia 74, waliripotiwa kuwa hawajawahi kwenda shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno ilipungua kwa nusu. Mei 2019 washindi wakatangazwa kuwa wawili: onebillion ya London, na Kitkit School ya kampuni ya Enuma, iliyoanzishwa na Sooinn Lee na mumewe, wabunifu wa michezo ya kompyuta waliotaka kitu cha kumsaidia mtoto wao mwenyewe mwenye mahitaji maalum. Programu zote tano ziliachiwa huru, mtu yeyote anaweza kuzitumia na kuzibadilisha.

Hii ndiyo hoja nzito zaidi dhidi yangu, na siikwepi. Kwa mtoto ambaye hana shule, hana kitabu, na hajawahi kusomewa nyumbani, tableti inayoongea Kiswahili ni bora kuliko kukosa kila kitu. Watoto waliobebwa na hizo tableti ni wengi, na hakuna wa kuwanyang'anya hiyo.

Lakini kuna nusu nyingine. Programu bora zaidi ambazo dola milioni 15 zingeweza kuvutia, miezi 15, Kiswahili chenye silabi zinazosomeka kama zinavyotamkwa, na bado nusu ya wale waliokuwa hawajui neno walibaki hivyo. Ukiangalia ni nani atakuwa katika nusu hiyo, mara nyingi ni yule ambaye tumekuwa tukimwongelea tangu mwanzo. Mwepesi wa kushika atajibeba na apu yoyote. Anayekwama ndiye anahitaji mtu atambue kwamba amekwama, na kwa nini.

Zingatia pia kwamba zote zilikuwa kwa Kiswahili, kwa makusudi. Apu nyingi za bure unazopakua Nairobi ni za Kiingereza cha Marekani. Mtoto anafunzwa kwamba i ni "ai", kisha kesho mwalimu wa Kiswahili anamwambia i ni "i". Hafunzwi kwamba ng' katika "ng'ombe" ni sauti moja, au kwamba m katika "mtu" inasimama peke yake. Mtoto mwepesi anapanga mwenyewe kichwani. Mtoto aliyekwama anaongezewa mzigo, halafu anaambiwa ni mzito.

Kwa hivyo ufanye nini

Kama kuna mtoto kama huyo kwenu, anza bila skrini. Mwandikie silabi kwenye karatasi, zilizochanganywa, si kwa mpangilio wa wimbo, kwa sababu wimbo anaujua kwa kichwa. Andika: ko, mi, she, ba, ngu. Utajua haraka kama anasoma au anaimba. Kisha mpe sentensi fupi bila picha. Sikiliza makosa, lakini sikiliza pia mwendo. Anayesoma sawa lakini kwa kujikokota naye anahitaji msaada.

Ukipata anakwama, tafuta programu ya Kiswahili inayofunza sauti. Akishika vizuri za Kiswahili, ndipo uongeze za Kiingereza. Dakika 15 kwa siku zinatosha. Lakini hizo dakika 15 kaa hapo. Kodolea skrini pamoja naye, angalia ni herufi gani inamrudisha nyuma kila mara, na ukizima tableti mwambie akusomee mstari mmoja kwa karatasi. Hicho kipande cha mwisho mashine haiwezi kukifanya vizuri kama wewe, hata kama wewe mwenyewe ulipata D ya Kiswahili.

Ikipita miezi michache na bado, apimwe macho na masikio. Halafu uliza kuhusu EARC, vile vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum ya kielimu. Viko katika maeneo mengi nchini, na wazazi wengi hawajawahi kusikia kwamba vipo. Mwenda huko anaweza kurudi na jina la tatizo na mpango wa kulishughulikia, na hiyo ni tofauti kubwa na kurudi nyumbani na "kichwa ngumu".

Na kwa wale wanaopanga kuomba kura 2027 kwa ahadi nyingine ya vifaa: tutauliza nani atakaa na mtoto. Mkiwa na jibu la hilo, leteni tableti. Tutazichaji.